Mnara umejaa lakini net haipo: tuelewane kuhusu modemu, rauta, spidi na bando

Wengi mnaikumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Simu inaonesha mnara umejaa, 4G imesimama pale juu kama kawaida, bando lipo, lakini WhatsApp inazunguka tu na picha hazifunguki. Mmoja anazima simu anawasha, mwingine anatoa laini anaifuta anairudisha, mwingine kajiunga bando jipya juu ya lile ambalo hata hajaligusa, na wa nyumbani mwenye fiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, anachomoa rauta kwenye umeme kila baada ya dakika tano. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya bahari, nyaya mbili za intaneti, EASSy na Seacom, zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kibao za ukanda huu zikayumba kwa mpigo.

Toka siku ile, net ikisumbua tu mazungumzo yanakuwa yale yale, na kinachoniuma ni kwamba watu wanapoteza hela kwa sababu ya maneno. Mtu anasema "WiFi imekata" wakati WiFi yake ni nzima kabisa, anasema "modemu mbovu" wakati ni rauta, analalamika kaibiwa spidi wakati kachanganya biti na baiti, halafu akipiga huduma kwa wateja wanaongea dakika ishirini kila mmoja na lake. Kwa hiyo leo twende taratibu, kuanzia kitu kidogo kabisa.

Kitu kidogo kabisa ni biti. Biti ni sifuri au moja, basi, hakuna kingine. Kila ulichonacho kwenye simu, picha ya harusi, voice note ya shangazi, meseji ya benki, ni sifuri na moja nyingi zimepangwa. Biti nane zikikaa pamoja ni baiti moja, na baiti moja inatosha kubeba herufi moja ya kawaida kama a au k. Juu ya hapo ndio unapata KB, MB, GB, yaani maelfu, mamilioni na mabilioni ya baiti.

Na hapa ndipo watu wengi wanapigwa chenga. Spidi inauzwa kwa biti, ila mafaili na bando vinapimwa kwa baiti. Ukiona Mbps yenye b ndogo ni megabiti kwa sekunde, ukiona MB yenye B kubwa ni megabaiti. Sasa umelipia intaneti ya Mbps 20, unashusha filamu, unaangalia pale inaandika MB 2.5 kwa sekunde, unapandwa na hasira kwamba wamekupa robo ya robo. Hapana, gawa 20 kwa 8 unapata 2.5, wamekupa yote. Filamu ya GB 1 kwa spidi hiyo inachukua kama dakika saba kasoro kidogo. Na geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili: bando lako la GB 1, kwa spidi hiyo, ukilitumia mfululizo linaisha ndani ya dakika saba hizo hizo. Spidi inasema data inapita haraka kiasi gani, bando linasema umeruhusiwa kupitisha kiasi gani, na moja halikwambii chochote kuhusu lingine.

Hii inajibu na lile la "4G inakula bando kuliko 3G". Video ya dakika moja yenye ubora ule ule ina ukubwa ule ule iwe umeishusha kwa 3G, 4G au WiFi ya jirani. Kinachotokea ni kwamba YouTube, TikTok na wenzao wanapima njia yako, wakiona njia ni pana wanakuletea picha kali zaidi bila kukuuliza, na video zinazofuata zinaanza kujishusha kabla hujazigusa. Kwa hiyo umekula zaidi kwa sababu umeletewa zaidi. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya ile programu, punguza ubora wa video au washa kile kitufe cha kubana matumizi ya data, kurudi 3G kutakuongezea tu kusubiri.

Sasa modemu. Huku kwetu ukisema modemu watu wanawaza kile kidude kama flashi unachotia laini na kuchomeka kwenye laptop, na hawajakosea, ile ni modemu kweli, ila modemu ni nyingi kuliko hiyo na tena unayo moja mfukoni muda huu. Ili uielewe inabidi turudi nyuma kwenye simu ya waya. Waya ule ulitengenezwa upitishe sauti ya binadamu, na sio sauti yote, ni ile ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi, inatosha watu kuelewana. Kompyuta yenyewe haina sauti, ina sifuri na moja. Kwa hiyo ukitaka kompyuta mbili ziongee kwa waya wa simu unahitaji kifaa cha kugeuza sifuri na moja kuwa mlio, na upande wa pili kifaa cha kusikiliza mlio na kuurudisha kuwa sifuri na moja. Kugeuza kule ndio modulesheni, kurudisha ndio demodulesheni, na kifaa kinachofanya yote mawili ndio modemu.

Mfano halisi ni Bell 103, modemu ambayo AT&T ya Marekani waliitoa mwaka 1962. Modemu inayopiga ilikuwa inatoa mlio wa hezi 1,070 ikimaanisha sifuri na hezi 1,270 ikimaanisha moja. Ile inayopokea ilikuwa inajibu kwa hezi 2,025 kwa sifuri na 2,225 kwa moja. Angalia ujanja ulivyo hapo: mmoja kakamata milio ya chini, mwingine ya juu, kwa hiyo wote wanaongea wakati mmoja kwenye waya mmoja na hawagongani. Hiyo ndio inaitwa fulu dupleksi. Zile redio za walinzi ambazo mmoja anaongea mwingine anasubiri amalize ni hafu dupleksi, na WiFi yako nayo iko upande huo wa kupokezana, vifaa vikiwa vingi kwenye chaneli moja kila kimoja kinasubiri zamu, ndio maana nyumba ikijaa wageni wenye simu net inazubaa hata kama fiba haijaguswa.

Bell 103 ilikuwa inapitisha biti 300 kwa sekunde. Ni herufi kama thelathini tu kwa sekunde, unaweza kuzisoma zinavyoingia. Kuanzia hapo wahandisi walikuwa na swali moja, utapitishaje biti nyingi zaidi kwenye waya ule ule mwembamba? Hapa linaingia neno baudi, limetokana na jina la Mfaransa Émile Baudot wa enzi za telegrafu, na ndilo neno linalochanganywa kuliko yote kwenye habari za modemu. Baudi ni idadi ya alama zinazotumwa kwa sekunde moja, sio idadi ya biti. Kama una milio miwili tu, kila alama inabeba biti moja, kwa hiyo baudi 300 ni biti 300 kweli. Lakini ukiwa na alama kumi na sita tofauti, kwa kuchezea nguvu ya mlio na namna wimbi lake linavyoanza, kila alama moja inabeba biti nne kwa mkupuo. Modemu za aina ya V.32 zilikuwa za baudi 2,400 tu lakini zilipitisha biti 9,600 kwa sekunde. Mtu akikwambia modemu ya "baudi 56,000" ujue kachanganya, waya wa simu haukuwahi kupitisha alama nyingi hivyo, anamaanisha biti.

Hizo 56,000 ndio zilikuwa mwisho wa reli, kiwango cha V.90 cha mwaka 1998, na zenyewe ni kwa kushusha tu, kupandisha ilibaki kwenye 33,600. Ile kelele ya kukwaruza ambayo waliowahi kutumia intaneti ya simu ya waya wanaikumbuka ilikuwa ni modemu mbili zinapima waya, huu leo una makelele kiasi gani, tutumie alama ngapi, twende spidi gani. Wimbo wa MB 5 ulikuwa unataka dakika kama kumi na mbili, na hapo waya uwe umetulia na mtu asiinue simu ya chumba cha pili. Sababu ya kufika mwisho ilishaelezwa mapema kabisa, mwaka 1948, na Claude Shannon wa Bell Labs: upana wa njia na kiasi cha kelele vinaweka ukomo wa biti zinazoweza kupita bila kuharibika, na hakuna ujanja wa kuuvuka. Ukitaka zaidi tafuta njia pana zaidi au punguza kelele.

Na hii sio historia tu. Simu yako ya 4G inafanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba inatumia mawimbi ya redio badala ya milio. Ukiwa karibu na mnara na hali ni safi, simu na mnara wanakubaliana kutumia alama nyingi tofauti, kila alama inabeba biti sita au hata nane. Ukiingia ndani kwenye kuta nene, au ukaenda mbali, kelele inazidi, alama zinaanza kufanana, basi wanashuka hadi alama nne tu na kila moja inabeba biti mbili. Hujakatwa, umepunguziwa ili usikosee.

Sasa rudi kwenye vile vijiti vya mnara. Vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara, basi, havijui kama mnara wenyewe una njia ya kutokea. Na hata kama njia ipo, mnara ni wa wote. Saa mbili usiku mtaa mzima uko kwenye video na mpira, vijiti vyako vimejaa vyote na bado net inatambaa, saa tisa usiku vijiti vile vile na net inapaa. Fiba nayo ni hivyo hivyo ingawa wengi hawajui, mfumo unaotumika sana majumbani unaitwa GPON, waya mmoja wa kioo una gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda, na zinagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64.

Kile kiboksi cha fiba ukutani watu wanakiita modemu, mafundi wanakiita ONT. Kazi yake ni ya udugu huo huo, kugeuza, ila chenyewe kinageuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga. Rauta ni mtu mwingine kabisa. Rauta haigeuzi kitu, yenyewe inajua anwani: hii data ni ya simu ya mama, hii ni ya TV, hii inatoka nje. Modemu inakuunganisha na dunia, rauta inagawa kwa waliomo ndani, na WiFi ni yale mawimbi ya mita chache za mwisho kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu. Siku hizi vyote vitatu vinawekwa kwenye boksi moja na ndio chanzo cha mkanganyiko wote huu. Lakini kazi zinabaki tatu, na zinaweza kufa moja moja. Ukiona simu imeunganika WiFi na alama zote zimejaa halafu haifungui kitu, WiFi yako haina kosa, aliyelala ni mwingine.

Na hilo jina la WiFi lenye 5G mwishoni, watu wanadhani wamepewa mtandao wa kizazi cha tano. Hapana. Hapo ni gigahezi 5, mawimbi ya WiFi, rauta nyingi zina 2.4 na 5. Ya 5 inapitisha data nyingi zaidi ila inachoka upesi kwenye kuta, ya 2.4 inafika mbali ila inapita mahali penye msongamano, rauta za majirani na Bluetooth zote ziko humo. Ukiwa sebuleni karibu na rauta tumia ya 5, ukiwa chumba cha mwisho cha uani tumia 2.4.

Tuje kwenye kitu ambacho matangazo hayakisemi kabisa, nacho ni ping, yaani muda ambao ujumbe unachukua kwenda na kurudi. Spidi na ping ni vitu viwili. Chukua mabasi ya Dar kwenda Mwanza: likiondoka moja linabeba watu hamsini na kitu, yakiondoka kumi kwa pamoja yanabeba zaidi ya mia tano, lakini abiria wa kwanza atafika Mwanza saa ile ile. Kuongeza mabasi hakufupishi barabara. Idadi ya abiria ndio Mbps zako, muda wa safari ndio ping. Kwa filamu ping haikusumbui sana, ila kwa simu ya WhatsApp, kikao cha Zoom au gemu, ping mbaya ndio inafanya mnaongea mnakatana maneno hata kama una Mbps 100.

Barabara yenyewe ni ndefu kweli. Mwanga ndani ya kioo unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva, ile kompyuta inayokutumia data, ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla hata hujahesabu foleni za njiani. Na hapo tumeendelea sana. Kabla ya 2009 ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki ulikuwa unategemea setelaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000, ujumbe unapanda unashuka, jibu linapanda linashuka, karibu nusu sekunde imeondoka kwa umbali peke yake. Seacom ilipowaka Julai 2009 na EASSy ikafuata 2010 ndipo habari ilibadilika. Bado naona watu wanaamini intaneti yote inatoka setelaiti. Sehemu kubwa mno ya data inayovuka kwenda mabara mengine inapita kwenye nyaya za kioo chini ya bahari. Hizi za Starlink ni setelaiti kweli, ila zinaruka kama kilomita 550 tu juu, ndio maana ping yake ni nzuri kuliko za zamani.

Bado kitu kimoja ndio turudi kwenye ile Jumapili: pakiti. Data haisafiri kama furushi moja. Picha ya MB 3 inakatwa vipande kama 2,000, kila kipande ni pakiti ya baiti 1,500 hivi yenye anwani ya inakotoka na inakokwenda, na rauta za njiani zinaamua kila pakiti ipite wapi. Uzuri wake ni kwamba njia ikikatika, pakiti zinaelekezwa njia nyingine. Ubaya wake ni kwamba njia hiyo nyingine ilikuwa tayari na watu wake. Nyaya mbili zikikatika kwa mkupuo, mzigo wote unahamia kwenye nyaya zilizobaki, foleni inajaa, pakiti zinaachwa njiani na kutumwa upya, na ping inapanda kwa sababu pengine unazungushwa mbali zaidi. Kwako wewe inaonekana kama net imekufa, kumbe inapumua kwa shida. Meseji za maandishi zinapenya kwa kubahatisha kwa sababu ni pakiti chache, video haipiti. Mnara mzima, laini nzima, bando zima, rauta nzima. Kununua bando jipya siku kama hiyo ni kununua haki ya kupita kwenye barabara iliyofungwa.

Na usichanganye na zile huduma za kubonyeza nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa. Ile ni USSD, inapita kwenye mawasiliano ya simu yenyewe na mnara, haihitaji bando na haipiti intaneti kutoka kwenye simu yako, ndio maana inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi. Programu ya M-Pesa kwenye simu janja ikigoma kwa sababu ya net, jaribu hiyo.

Siku nyingine net ikizingua anzia karibu uende mbali. Kama una fiba, nenda pale kwenye ONT uangalie taa. Ipo moja imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki nyumbani kwako, waya umekunjwa sana, umechomoka au umekatwa na watu wanaochimba mtaro, na hapo hata uwashe na kuzima mara mia haisaidii, angalia kwanza kale kawaya kembamba nyuma ya boksi kama kamebanwa na kabati, usikaangalie kwa jicho kule kwenye ncha, kisha piga simu uwaambie neno hilo hilo, LOS nyekundu, watakuelewa bila maelezo. Kama LOS imezima na taa ya pili, ya PON, ina kijani kilichotulia, waya ni mzima na ONT inaongea na kampuni. Sogea karibu na rauta, ikikubali hapo basi ugomvi wako ni WiFi na kuta.

Ikigoma hata hapo, pima spidi, ila soma namba zote tatu, kushusha, kupandisha na ping, na ujue kwamba vipimo vingi vinachagua seva iliyo karibu nawe, mara nyingi mji huo huo. Kwa hiyo kipimo kinaweza kukupa Mbps 40 safi na bado usifungue tovuti ya nje, kwa sababu kimepima barabara ya mtaani tu. Badilisha seva, chagua ya Ulaya au Afrika Kusini, upime tena. Ya karibu ikiwa nzuri na ya mbali ikiwa mbovu, na wenzako wa mitandao mingine wanalia hivyo hivyo, tatizo liko mbele huko kwenye nyaya, acha rauta yako ipumzike na hela yako ya bando ikae kwenye simu hadi watengeneze.